Shukrani kwa Majina Arobaini na Moja

Ni nani aliyempa mwanamume aliyeketi kwenye benchi mamlaka ya kumtangazia mwanamke apitaye habari za mwili wa mwanamke huyo, kana kwamba mwenyewe hajapata kuuona?

Swali hilo Mwanahawa binti Sefu aliliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, akiwa mwaka wa pili wa masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Jamhuri ya Murua, na chini yake akaacha mistari kumi na miwili mitupu kwa ajili ya jibu. Sisi tunaosimulia hatuna jibu pia, na hatutajifanya tunalo. Tunachojua ni kwamba Murua ni nchi ya adabu. Jambo hilo limechapwa kwenye stempu zake, kwenye magunia yake ya sukari na juu ya lango la gereza lake kuu. Katiba ya nchi hiyo, ibara ya nne, inamtaja mwanamke kuwa ni ua la taifa, na wataalamu wa serikali wamekwisha kuifafanua ibara hiyo kwa kina: ua hutazamwa, ua husifiwa, ua hunuswa, na haijapata kusikika popote duniani kwamba ua limelalamika.

Kutoka hosteli ya wasichana hadi Kitivo cha Sheria zilikuwa hatua mia tisa. Hatua mia sita za kwanza zilikuwa hatua za kawaida za binadamu anayekwenda shughuli zake. Baada ya hapo lilikuja benchi refu la mbao chini ya paa la bati, mkabala na baraza ya mafundi cherehani, mahali ambapo wenyewe walipaita Bunge Dogo. Kila kijiwe nchini Murua kimesajiliwa na kina cheti, na cheti cha Bunge Dogo kilitundikwa ukutani ndani ya fremu: Taasisi ya Mashauriano ya Wanaume, Daraja la Pili. Kiongozi wa taasisi hiyo aliitwa Spika. Jina lake halisi, Hamduni, lilitumiwa na mama yake tu, na hata huyo alilitumia kwa mashaka.

"Mrembo, salamu ni bure," Spika alisema siku Mwanahawa alipopita pale kwa mara ya kwanza.

Mwanahawa akaendelea kutembea.

"Muone anavyokwenda. Utadhani amebeba yai kichwani."

"Mwacheni, huyo ni msomi. Anakariri."

"Dada, hata tabasamu? Kwani tutalila hilo tabasamu?"

Mwanahawa akapita.

"Anajidai nini? Kwanza hata si mzuri."

Mwanahawa alibaini kwamba kutoka "mrembo" hadi "hata si mzuri" zilikuwa hatua kumi na nne, na kwamba katika hatua hizo zote yeye hakuwa amefanya jambo lolote isipokuwa kupita. Aliliandika hilo katika daftari. Siku iliyofuata hatua zilikuwa kumi na moja. Wiki ya tatu Spika aliinuka kwenye benchi, akamshika mkono uliobeba vitabu, akamzuia njiani mpaka aitikie salamu, na wenzake wakahesabu kwa sauti ni muda gani atastahimili. Siku hiyo Mwanahawa aliacha kuandika. Akaenda polisi.

*

Malalamiko kama yake yalipokelewa katika Dirisha Namba Saba. Dirisha hilo lilikuwa kati ya Dirisha Namba Sita, la mifugo iliyopotea, na Dirisha Namba Nane, ambalo lilikuwa ni picha ya dirisha iliyochorwa ukutani kwa ustadi mkubwa. Nyuma ya Namba Saba aliketi Koplo Machumu, mtu mpole kupindukia.

"Karibu, dada yangu. Umepotelewa na mbuzi?"

"Hapana, afande. Nimeshikwa na kuzuiliwa njiani na mwanamume."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Hapo ndipo penye ugumu," Koplo Machumu alisema kwa huzuni ya kweli. "Ungekuwa unamfahamu, tungesema ni ugomvi wa nyumbani, tukakurudisha nyumbani. Sasa humfahamu. Maana yake ni kwamba yeye alikuwa anatafuta kufahamiana."

Hata hivyo, alimpa fomu. Iliitwa Fomu ya Kutoridhishwa na Salamu. Sehemu ya kwanza iliuliza mlalamikaji alikuwa amevaa nini, alikuwa anakwenda wapi, na je, safari hiyo ilikuwa na ulazima. Sehemu ya pili ilitaka saini ya mlalamikiwa, akithibitisha kwamba nia yake ilikuwa mbaya. Iwapo angethibitisha kwamba nia yake ilikuwa njema, fomu hiyohiyo ingegongwa muhuri mwingine na kuhesabiwa kuwa barua ya pongezi.

"Na hapa pa kubandika picha mbili, ya mbele na ya nyuma," Koplo aliongeza.

"Picha zake?"

"Zako, dada. Yeye picha yake ya nini? Hajalalamika."

Mwanahawa aliirudisha fomu ikiwa tupu. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mtu pekee katika jamhuri nzima ambaye alimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Profesa Veneranda Kitunda alifundisha haki za binadamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na wanafunzi wa kiume walipompigia miluzi mwenzao wa kike alipoingia darasani, Profesa hakuwakaripia. Alifunga kitabu chake, akaketi, akakaa kimya saa nzima mpaka kengele ilipolia, kisha akasema sentensi moja tu: "Anayedhulumiwa halazimiki kuwa na adabu." Mwanahawa alikuwa ameiandika sentensi hiyo ndani ya jalada la kila daftari alilokuwa nalo.

Profesa alilisoma daftari lake lote akiwa amesimama. Alipomaliza alivua miwani.

"Binti yangu," alisema, "kazi hii nimeisubiri miaka ishirini."

*

Kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, tatizo la wanawake kusumbuliwa njiani lilianza nchini Murua tarehe tatu Machi, saa nne na robo asubuhi. Wakati huo ndipo gari la Waziri wa Adabu na Mwenendo, Mheshimiwa Gervas Tundabora, lilipopasuka tairi, na binti yake akalazimika kutembea kwa miguu mwendo wa dakika tatu. Kabla ya hapo takwimu zilionesha sifuri, kwa kuwa Dirisha Namba Saba halikuwa limepata kupokea fomu hata moja iliyokamilika. Baada ya saa nne na robo, takwimu zilionesha mmoja, na Waziri akatangaza janga.

Iliundwa Tume ya Kuchunguza Kauli za Njiani. Wajumbe wake walikuwa wanaume wanne, walioteuliwa kwa sifa kwamba kila mmoja wao alikuwa na mama, na mwenyekiti akawa Profesa Veneranda Kitunda. Profesa naye alimteua Mwanahawa kuwa mkusanyaji wa shuhuda. Akamkabidhi sanduku la chuma lenye kufuli mbili.

"Ufunguo mmoja wangu, mmoja wako," alisema. "Bila wewe, mimi siwezi kulifungua. Bila mimi, wewe huwezi. Maneno ya mashahidi yatakwenda kwenye Tume. Majina yao yatabaki humu, mpaka mimi na wewe tuingie kaburini."

Mwanahawa aliuvaa ufunguo wake shingoni kwa uzi mweusi, chini ya nguo, na usiku na mchana aliusikia ukigusa kifua chake kama kitu chenye uhai.

*

Shahidi wa kwanza hakutaka kuwa shahidi. Aliitwa Chausiku, fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa barazani, ikitazamana na benchi la Bunge Dogo. Muda mwingi alikuwa na pini mdomoni, na wateja wengi walidhani hapendi kuongea.

"Mdogo wangu," alimwambia Mwanahawa kupitia meno yaliyobana pini, "wewe ukimaliza kuandika unafunga daftari, unarudi chuoni. Mimi nabaki hapa. Nikiinua macho nawaona. Wakiinua macho wananiona."

"Hakuna atakayejua, dada Chausiku. Naapa."

"Unaapa kwa kitu gani?"

Mwanahawa akamwonesha ufunguo. Akamweleza habari za sanduku, za kufuli mbili, za Profesa aliyekaa kimya saa nzima mbele ya wanafunzi mia mbili. Alieleza kwa bidii ya mtu anayeamini kila neno analolisema, na pengine bidii hiyo, kuliko kufuli, ndiyo iliyomfanya Chausiku atoe pini mdomoni moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kitambaa.

"Sogea hapa, na sauti ishushe. Yule wanayemwita Spika. Mwaka wa pili huu. Kila nikifunga kazi, ananifuata hatua tatu nyuma yangu mpaka kwenye kona ya bomba. Hanigusi. Hasemi. Anapiga mluzi, wimbo uleule, kisha anarudi. Nikigeuka, anatazama juu kama anayekagua mawingu."

"Mumeo umemwambia?"

"Shomari? Nikimwambia Shomari, hatakwenda kumwambia Spika aache kunifuata. Ataniambia mimi niache kushona."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliye karibu."

Mwanahawa aliliandika hilo neno kwa neno.

"Sikiliza," Chausiku alisema. "Baraza hii nimeipata baada ya miaka sita ya kushona chumbani, na watoto wakinikanyagia vitambaa. Jina langu likitoka ndani ya hilo sanduku, cherehani inarudi nyumbani na mimi nyuma yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Basi andika."

Kwa kuwa Chausiku alikuwa amekubali, na yeye mwenyewe akawanong'oneza aliowaamini, wengine walikubali. Muuguzi Perpetua, aliyetembea na funguo zimechomoza kati ya vidole kama kucha, aliongea kwa saa mbili. Mwalimu wa shule ya msingi alisema kwamba wanaompigia miluzi aliwafundisha kusoma yeye mwenyewe. Walifika wanawake arobaini na mmoja. Mwanahawa alizichora njia zote walizozitaja kwenye ramani moja kubwa na kuweka alama nyekundu mahali pa kila tukio, na ramani ilipokamilika ilikuwa kama mtu aliyeugua surua.

*

Vikao vya Tume vilikuwa vya kitaalamu mno. Mwanahawa alisoma kila ushuhuda bila kutaja jina, na wajumbe wakapima kama kauli iliyotolewa ilikuwa ni tusi, sifa au taarifa.

"Hapa aliposema 'mrembo'," aliuliza mjumbe mmoja, Bwana Kahigi, "kwani shahidi si mrembo?"

"Swali silo hilo, mheshimiwa."

"Lakini ndilo ninalouliza. Kama ni mrembo, hiyo ni taarifa sahihi. Kama si mrembo, ni kosa la kitaalamu. Napendekeza tuwaite mashahidi tuwakague."

Profesa Kitunda alipiga meza kwa kiganja. "Mashahidi hawakaguliwi," alisema, na Bwana Kahigi akanywea kwenye kiti. Siku hiyo Mwanahawa alimpenda mwalimu wake kwa kiasi ambacho, akikikumbuka sasa, kinamtia aibu.

Inatubidi tueleze hapa desturi moja ya Murua ambayo mgeni anaweza asiielewe. Katika nchi hiyo hakuna shughuli inayoanza kabla ya kila aliyepo kutambulishwa kwa jina na cheo, akasimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi. Kuna harusi ambazo pilau imepoa na kuchacha kabla ya utambulisho kufika upande wa bibi harusi. Katika mazishi, marehemu hutajwa baada ya mwakilishi wa wilaya. Kumwacha mtu bila kumshukuru kwa jina lake kamili ni utovu wa adabu usiosameheka, na waraka wowote wa serikali usio na shukrani kwa majina huitwa waraka wa mitaani, nao hurudishwa bila kusomwa.

Ripoti ya Tume, yenye kurasa mia tatu na mapendekezo thelathini, ilipelekwa Wizarani siku ya Jumatatu. Ilirudi Jumatano ikiwa na karatasi ndogo imebanwa juu yake: *Shukrani zimekosekana.* Mwanahawa aliisoma karatasi hiyo akacheka. Alidhani wanataka washukuriwe dereva wa Tume na mama aliyewapikia chai.

Alhamisi Profesa alimwita ofisini.

"Binti yangu, nipe ufunguo wako. Nataka nihakiki idadi ya mashahidi kabla hatujachapa."

Mwanahawa alikuwa na mtihani adhuhuri ile. Alivua uzi shingoni, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mwalimu wake, akaondoka akiwaza sheria ya ardhi. Tumelieleza jambo hili kwa maneno machache kwa sababu halikuchukua muda mrefu zaidi ya huo.

*

Desturi inataka pia kwamba ripoti isomwe mahali jambo lenyewe lilipotokea. Kwa hiyo maturubai yalifungwa mbele ya Bunge Dogo, viti vya plastiki vikapangwa hadi barazani kwa mafundi, na bendi ya polisi ikapiga nyimbo tatu za adabu. Mtaa mzima ulialikwa. Chausiku alibaki kwenye cherehani yake, akimalizia sare ya shule, na Mwanahawa alimpungia kwa siri kutoka safu ya mbele. Chausiku akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa na pini.

Waziri alisimama saa tano.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Imesikia. Imesikia kwa sikio la kulia, ikaona haitoshi, ikageuza na la kushoto. Tume imetuletea mapendekezo thelathini, na ninayo furaha kutangaza kwamba serikali imeyakubali yote thelathini, na itatekeleza moja."

Makofi.

"Tumejiuliza: ni nani anayezijua njia zetu? Ni nani mwenye uzoefu wa kumtambua mwanamke anapopita, akiwa mbali, hata akiwa amejifunika? Ni nani aliyekaa hapa, mvua na jua, akiwatazama mama zetu na dada zetu bila kuchoka wala kulipwa? Wataalamu hao tunao. Kuanzia leo, wajumbe wa Bunge Dogo ni Walinzi wa Heshima."

Spika na wenzake walisimama kwa mstari. Walivalishwa vizibao vya manjano vinavyong'aa, na kila mmoja akakabidhiwa filimbi ya serikali.

Waziri aliifunua ramani ya Mwanahawa. Njia zote zenye alama nyekundu, alieleza, zimefungwa kwa wanawake, kwa ajili ya usalama wao. Mwanamke mwenye ulazima wa kupita ataomba kibali, naye atasindikizwa na Mlinzi wa Heshima hatua tatu nyuma yake. "Hatua tatu," Waziri alisisitiza, "ni kipimo cha kisayansi. Kimetoka katika shuhuda."

Mwanahawa aligeuka kumtazama Chausiku. Gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama.

Hapo ndipo Profesa Veneranda Kitunda alipokaribishwa kwenye kipaza sauti, akitambulishwa kwa cheo chake kipya cha Naibu Waziri, kutoa neno la shukrani. Alivaa miwani. Alikuwa na karatasi mkononi, na Mwanahawa aliutambua mwandiko kabla ya kuyatambua maneno, maana ilikuwa orodha ya majina ya sandukuni, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Itifaki yote imezingatiwa," Profesa alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Ripoti hii isingekuwepo bila akina mama na akina dada waliojitokeza kutusimulia, pasipo woga, yaliyowapata. Nikikutaja, naomba usimame utupungie. Bi Chausiku Issa Mbaruku, fundi cherehani."

Hakuna aliyesimama.

"Ana haya," Profesa alisema kwa upole. "Yupo pale barazani. Cherehani ya pili kutoka kulia."

Mtaa mzima uligeuza shingo. Nyuma kabisa, kati ya wanaume waliosimama, Shomari naye aligeuka. Chausiku aliinuka taratibu, kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa Murua na hakufundishwa namna ya kukataa kushukuriwa, akainua mkono wenye kastabini kidoleni, akaupunga mara moja. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Spika. Alipiga kwa dhati, filimbi ikining'inia kifuani, na baada ya makofi akaiweka mdomoni, akapuliza mwanzo wa wimbo fulani.

Majina arobaini na moja yalichukua nusu saa. Perpetua alitajwa pamoja na wodi yake na zamu zake. Mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi wake wa zamani, waliokuwa wamevaa vizibao.

"Na mwisho kabisa," Profesa alisema, "binti yangu Mwanahawa, ambaye bila ufunguo wake tusingewapata akina mama hawa."

Wakampigia makofi yeye pia.

*

Mwanahawa alimkuta Profesa nyuma ya turubai, akinywa maji, kabla ya gari lake jipya kuletwa.

"Uliniambia mpaka kaburini," Mwanahawa alisema.

"Keti, binti yangu."

"Sitaki kuketi. Uliniambia unahakiki idadi."

"Na niliihakiki. Ni arobaini na mmoja." Profesa alishusha pumzi, na kwa dakika moja alionekana mzee. "Waliniwekea mambo mawili mezani. Ripoti ipite ikiwa na majina, au irudi ikiwa imefungwa, na Tume ivunjwe. Miaka ishirini, Mwanahawa. Nilichagua ipite."

"Imepita nini? Wamewapa filimbi."

"Leo filimbi. Mimi sasa nimo ndani. Mwakani nitaleta pendekezo la pili, na mwaka unaofuata la tatu."

"Chausiku hana mwaka unaofuata. Mumewe alikuwa amesimama pale."

"Ningefanyaje? Nisimame mbele ya Waziri nisiwashukuru? Ungetaka tuonekane hatuna adabu?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayedhulumiwa halazimiki kuwa na adabu."

"Darasani," Profesa alisema. "Nilisema darasani." Akamshika bega. "Nimekuombea nafasi ya katibu katika ofisi yangu. Ichukue. Na kama umepanga kupiga kelele, kumbuka kwamba anayetia saini matokeo yako ni mimi, na anayetia saini ufadhili wako ni Wizara. Nakwambia kama mama."

Mwanahawa aliuondoa mkono ule begani mwake, polepole, kama mtu anayeondoa mdudu ambaye hataki kumuua. Akaondoka bila kuaga. Nchini Murua, kuondoka bila kuaga ni kosa, na ofisa mmoja aliyekuwa karibu aliliandika.

*

Chausiku aliishi nyuma ya soko, katika vyumba viwili. Mwanahawa alipofika alasiri ileile, cherehani ilikuwa tayari chumbani, imeegemezwa ukutani, na sare ya shule iliyobaki mkono mmoja imetupwa juu yake. Perpetua alikuwepo, na mwalimu pia, wameketi mkekani pamoja na wanawake wengine watano wa orodha ile. Shomari alisimama mlangoni. Hakuwa mkali. Alimkaribisha kwa heshima zote.

"Pita, mdogo wangu. Mwenzio nimempumzisha. Watu wameanza kusema."

"Wanasema nini, kaka Shomari?"

"Kwamba alikuwa anafuatwa miaka miwili na alinyamaza. Mtu atajiuliza kwa nini alinyamaza."

Mwanahawa alivua viatu, akaketi chini karibu na mlango, mahali ambapo angekuwa rahisi kufukuzwa. Chausiku hakuwa na pini mdomoni, na uso wake bila pini ulikuwa uso wa mtu mwingine.

"Ulisema kufuli mbili," alisema hatimaye.

"Nilisema."

"Ufunguo wako ulikuwa wapi?"

"Nilimpa."

"Alikunyang'anya?"

"Hapana. Aliniomba, nikampa."

"Ulimuuliza wa nini?"

"Aliniambia. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa na mtihani."

"Ulifaulu?" Perpetua aliuliza, na mwalimu akacheka kicheko kifupi kilichokatika chenyewe.

"Ningekuwa nimepigwa na Spika," Chausiku alisema, "leo ningekuwa na mtu wa kumchukia. Wewe umenifanyia mema mpaka nimefika hapa. Nikuchukieje? Sijui hata nianzie wapi."

Mwanahawa hakujitetea. Hoja alikuwa nazo; alikuwa mwanafunzi wa sheria, na hoja zilimjia zenyewe, zimejipanga, kila moja na kifungu chake. Alizisikia zikija, akaziacha zipite.

"Wamenipa nafasi ya katibu ofisini kwa Naibu Waziri," alisema. "Nimekwisha kuandika barua ya kuikataa, niliipeleka kabla ya kuja hapa. Kesho asubuhi nafungua shauri."

"Shauri dhidi ya nani?" Shomari aliuliza kutoka mlangoni.

"Dhidi ya Tume na Profesa Kitunda, kwa kuvunja ahadi ya siri. Na dhidi yangu mimi."

Perpetua alimtazama. "Mtu anaweza kujishtaki mwenyewe?"

"Sheria haijasema kwamba hawezi."

"Mimi sitakuja kukutolea ushahidi," Chausiku alisema. "Nimekwisha kusimama mara moja. Na usinitazame ukidhani nimekusamehe."

"Sidhani hivyo, dada Chausiku. Sitamwita shahidi hata mmoja kati yenu, na hakuna jina lenu litakaloandikwa tena na mkono wangu mahali popote. Nitaeleza mbele ya hakimu kwamba niliwaahidi siri, kwamba ufunguo wa pili niliutoa mimi, na kwamba baraza ile ni yako na unapaswa kurudishiwa. Watanifukuza chuo, na nitaendelea na shauri nikiwa nje ya chuo. Nimekuja kuwaarifu tu. Sikuja kuwaomba chochote."